Futari ya picha haimlindi mtoto aliyefungiwa



Leo sina somo la singo wala la shela. Mlioniandikia kuhusu mikono ya gauni la nikaha nitawajibu wiki ijayo, inshaallah. Leo nataka tuzungumze habari ya watoto waliofungiwa, wale walioko mahabusu na kwenye shule za maadilisho, na nani anayeingia kuwaangalia.

Kila ikikaribia Ramadhani vikundi vyetu vya wanawake huanza kuchangishana. Mchele, unga, sukari, tende, sabuni, mwisho nguo za Idi. Vinapelekwa kwa mayatima, kwa wazee wa Welezo na Sebleni, na siku hizi wapo wenzetu wanaovuka bahari mpaka kwenye mahabusu za watoto za Bara. Mwenyezi Mungu awalipe kheri, na mimi ni katika wachangaji. Ila kuna kitu kinanikera na nimekinyamazia muda mrefu. Tunarudi na picha, watoto wamepangwa mistari, wamevaa safi, mkuu wa makao anapokea gunia la mchele, na chini ya picha tunaandika kwamba alhamdulillahi watoto wako salama wanalelewa vizuri. Umejuaje? Umekaa nao saa mbili mchana, kwa miadi iliyopangwa wiki tatu kabla, na kila mtoto aliyezungumza na wewe alikuwa na mtumishi nyuma yake.

Kwanza tujue tunawazungumzia nani, maana wengi tunachanganya. Kwa sheria zetu mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Bara wana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na sisi Zanzibar tuna yetu, Namba 6 ya mwaka 2011. Kule Bara mtoto anayetuhumiwa, kesi yake ikiwa haijaisha na hakupata dhamana, anatakiwa awekwe kwenye mahabusu ya watoto, ambayo iko chini ya ustawi wa jamii, si chini ya magereza. Zipo Upanga Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Akishatiwa hatiani anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, na inayojulikana zaidi ni ile ya Irambo, Mbeya. Huku kwetu hatusemi jela, tunasema Chuo cha Mafunzo, na kile cha Kilimani wazee wanakiita Kinuamiguu. Naona jina la wazee ni la kweli zaidi.

Kwa hiyo wengi katika hao watoto wa mahabusu bado hawajahukumiwa. Kuna aliyeiba simu, na kuna aliyekutwa na wenzake walioiba simu. Kuna wa makosa makubwa pia, sikatai, na nitafika huko.

Mikoa ya Bara ni 26, na nyumba hizo hazifiki kila mkoa. Mtoto akikamatwa mbali na hapo nilipopataja, anawekwa wapi? Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa ripoti ya ukaguzi wa sehemu wanakozuiliwa watoto nchini, na ikaeleza kwamba wamo watoto ndani ya magereza ya wakubwa. Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka watoto watengwe na watu wazima. Miaka 20 katikati. Haya hatukuyajua kwa sababu ya futari ya mtu yeyote. Tuliyajua kwa sababu walikwenda watu wenye mamlaka ya kufungua milango, wakahesabu, wakaandika.

Tulipokuwa wadogo chuoni tulisomeshwa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe. Tunaikumbuka kama hadithi ya kuwahurumia wanyama, nayo ni hiyo. Lakini mimi kila nikiisoma naona kufuli. Paka wa mtaani asipolishwa na mtu anahangaika kwenye majaa na anaishi. Yule alikufa kwa kuwa mlango ulifungwa na aliyeufunga hakubeba kilichokuja na ule ufunguo. Ukimfungia mtu, chakula chake, maji yake, choo chake, homa yake ya usiku na anayelala pembeni yake, vyote vimehamia kwako. Mtoto aliyeko nje akipigwa na mkubwa wake anakimbilia kwa bibi, kwa jirani, kwa mwalimu. Aliyeko ndani hana pa kukimbilia isipokuwa kwa yule yule mwenye ufunguo, na kama mwenye ufunguo ndiye anayempiga, basi tena.

Mimi ni fundi wa nguo. Skuli niliishia kidato cha nne, nikaenda chuo cha ushonaji, sheria sikusoma. Lakini najua kitu kimoja kuhusu kukagua kazi. Mteja asiyejua anaitazama nguo ilivyotundikwa, anasifu rangi, analipa. Mteja anayejua anaigeuza ndani nje, anavuta mshono wa kwapa, anaangalia kama kingo zimezibwa, na hakwambii kwamba anakuja Jumatano ili uwahi kuzirekebisha. Huyo wa pili anakera, wallahi. Ila nguo zake hazichaniki.

Mwaka juzi kikundi kimoja kilinipa oda ya nguo za Idi za watoto wa makao fulani, nisingependa kuyataja. Waliniletea idadi tu, wa kiume wangapi na wa kike wanne. Nikaomba vipimo, au angalau umri. Wakasema shona saizi za kati, watajigawia. Nikakataa, maana mtoto wa miaka 11 na wa miaka 17 hawana saizi ya kati. Wakapiga simu makaoni mbele yangu. Jibu lililorudi ni kwamba wa kike sasa ni saba, na umri wao yule aliyepokea simu hakuwa nao, mpaka amuulize mwenzake ambaye yuko likizo. Siwatuhumu kwa ubaya. Pengine walipokewa wengine wiki ile. Lakini hapa nyumbani kwangu nina kuku tisa na mtu akinipigia simu namjibu wako wangapi. Makao ya watoto lazima yawe na daftari mezani lenye jina la kila mmoja, umri, siku aliyoingia, kwa amri ya nani, na siku ya kurudi mahakamani. Mtoto ambaye hayumo daftarini akipotea hatafutwi na mtu.

Nguo zile mwishowe nilishona, kwa vipimo, baada ya simu nne.

Msidhani haya ni matatizo ya nchi maskini. Huko Darwin, Australia, kuna kituo cha watoto kinaitwa Don Dale. Agosti 2014 watoto sita waliokuwa katika sehemu ya kutengwa walipigwa gesi ya machozi. Taarifa za mwanzo zilisema watoto walifanya ghasia. Kumbe mmoja tu ndiye aliyekuwa ametoka chumbani kwake. Wengine gesi iliwakuta ndani ya vyumba vilivyofungwa. Kamishna wa watoto wa jimbo lile alichunguza, na ripoti yake ikatoka mwaka 2015. Ilikuwa imeandikwa, imepigwa chapa, iko mezani. Ikakaa. Mpaka Julai 2016 televisheni ilipoonyesha mikanda ya kamera za ndani, pamoja na picha ya kijana mwengine, wa kituo chengine cha jimbo hilo hilo, aliyefungwa kwenye kiti, kichwa kimefunikwa kwa mfuko wa kitambaa. Siku ya pili yake waziri mkuu Malcolm Turnbull akatangaza tume ya uchunguzi ya ngazi ya juu kabisa. Mwaka 2017 tume ikapendekeza kituo kifungwe, na mwaka 2020 mahakama ya juu ya nchi ikaamua kwamba gesi ile ilitumika kinyume cha sheria.

Hesabu hiyo miaka. Toka gesi mpaka hukumu ni karibu miaka sita. Aliyekuwa na miaka 15 keshakuwa mtu mzima. Na katika watoto wanaofungwa jimbo lile wengi ni wenyeji wa asili, watu ambao malalamiko yao hayakuwa na uzito kwa wenye vyeo. Ukaguzi ulikuwepo. Alikuwepo kamishna aliyefanya kazi yake. Kilichokosekana ni mtu wa kumlazimisha waziri ajibu ile ripoti kabla ya televisheni kumwaibisha. Kwa hiyo mtu akikwambia "wakaguzi huja kila mwaka", muulize waliandika nini mwaka jana, na kipi kimebadilika.

Na si kila madhara yanaletwa na mtu katili. Aprili 2004 huko Uingereza, kijana wa miaka 15 aitwaye Gareth Myatt alifia katika kituo cha Rainsbrook. Alikuwa mdogo wa mwili, kilo kama 41 tu. Ugomvi ulianzia kwenye kusafisha mashine ya kuchomea mikate. Mashine ya mikate, dada zangu! Watumishi watatu wakamshika akiwa amekaa, wakamkunja kwa mbele, mtindo ambao ulikuwa umeidhinishwa rasmi kwa vituo vile. Akawaambia hawezi kupumua. Mtindo ule uliondolewa baada ya kifo chake. Hapo nimejifunza kwamba hata kanuni yenyewe inaweza kuwa ndiyo hatari, na mtu wa ndani aliyefundishwa hivyo haoni kitu. Anahitajika mtu wa nje, daktari khasa, wa kuuliza: mnamshikaje mtoto mnapomshika?

Sasa huyo mkaguzi anayefaa ni yupi? Halihitaji kubuniwa upya. Desemba 1990 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, watu wanaziita Kanuni za Havana. Nimezisoma polepole, maana lugha yake ni ya wanasheria, lakini yaliyomo ni ya mama yeyote mwenye akili. Mkaguzi asiwe mtu wa uongozi wa nyumba ile. Aweze kwenda bila kutoa taarifa, kwa hiari yake mwenyewe. Aingie popote, aone daftari lolote, azungumze na mtoto yeyote faraghani. Afuatane na daktari. Mtoto apate njia ya kulalamika bila barua yake kukatwakatwa. Kupiga viboko, chumba cha giza, kumfungia mtoto peke yake, kumpunguzia chakula na kumzuia asiwaone wazee wake, vyote hivyo kama adhabu vimekatazwa. Hata nguo wamezitaja: kadiri inavyowezekana mtoto avae zake mwenyewe, na akipewa za makao zisiwe za kumdhalilisha. Fundi mimi nilifurahi.

Najua mtanijibu: sisi bila hodi hatuingii kwa watu. Kweli, na dini imetufundisha hivyo. Lakini hodi hupigwa mlangoni, umeshafika. Haipigwi wiki tatu kabla kwa barua yenye mhuri. Sayyidna Umar alikuwa akitembea usiku mwenyewe kuangalia hali za watu wake, na yule mama aliyekuwa akichemsha maji kuwahadaa watoto wenye njaa hakupewa taarifa kwamba kiongozi anakuja.

Usiku ndio wakati wenyewe. Mchana nyumba yoyote inaonekana njema. Mkaguzi aende saa tano za usiku aone nani yuko zamu na yuko peke yake na watoto wangapi. Aone bweni la wadogo limetengwa na la wakubwa au wote wamechanganywa kwa kukosa nafasi. Aone kama kuna nyampara, mtoto mkubwa aliyepewa rungu na cheo, kwa sababu watumishi wakiwa wachache kazi yao hufanywa na nyampara, na nyampara hana mshahara, kwa hiyo anajilipa. Ajaribu maji ya bafuni. Aulize mtoto akiugua saa nane anamwamsha nani na ufunguo uko wapi. Moto ukiwaka je?

Kisha kile kisanduku cha maoni. Kila ofisi siku hizi inacho, ukutani, kimepakwa rangi. Mimi swali langu ni moja, ufunguo wake anao nani. Kama anao mkuu wa makao, basi lile ni pambo. Na kama kimetundikwa nje ya mlango wa ofisi yake, ambapo kila anayetia karatasi anaonekana, ni mtego. Na watoto wasiojua kuandika, ambao si wachache, watatia nini?

Kuna jambo zito kuliko hilo. Mkaguzi akishaondoka, mtoto anabaki. Aliyesema ukweli Jumanne atalala na nani Jumanne usiku? Ndiyo maana mkaguzi mwerevu haongei na mtoto mmoja akamwacha. Anaongea na wote, dakika sawa sawa kwa kila mmoja, ili asijulikane aliyetoa siri. Na anarudi baada ya siku chache kuwatazama wale wale, na uso ukiwa umevimba anauliza. Asiyerudi bora asiulize kabisa, maana amemfungua mtoto kinywa na hakumpa ngao.

Niwageukie wasichana, kwa sababu hili tusipolisema sisi hawatalisema wengine. Wasichana katika nyumba hizi ni wachache siku zote, na uchache wao ndio balaa. Kwa kuwa ni wachache hawajengewi sehemu, wanabanwa kwenye chumba kilichokuwa stoo. Kwa kuwa ni wachache haajiriwi mtumishi wa kike wa zamu ya usiku. Kwa kuwa ni wachache hawana darasa la ufundi lao, wanawekwa jikoni kuwapikia wavulana. Msichana wa miaka 14 akiingia hedhi mle ndani anamwomba nani pedi? Kama anayemgawia ni askari mwanamume, mmoja mmoja, kwa kuhesabu, hata kukiwa na shehena nzima stoo huyo bado anadhalilika. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa uliongeza kanuni za wafungwa wanawake, zile za Bangkok, na zinasema wazi kwamba taulo za kike zitolewe bure. Ongezeeni na maji ya kujitwaharishia, kitambaa cha kujifunika kichwa anapotaka kuswali, na kupekuliwa na mwanamke mwenzake. Hayo hayahitaji bajeti ya serikali kubwa. Yanahitaji mwanamke mmoja aliyeingia mpaka chooni na kutoka akayaandika.

Kuna atakayeniambia: wewe hujawahi kuvamiwa na panya road. Hao unaowalilia wamekata watu mapanga. Namwelewa. Nina duka, nimewahi kuvunjiwa, nimelala macho wazi. Mtoto aliyemuumiza mtu azuiliwe, mahakama ndiyo inayoamua, sipingi hata kidogo. Lakini atatoka. Miaka miwili, mitatu, atatoka, atapanda daladala moja na mwanangu. Aliyefundishwa kushona au kuchomelea vyuma, aliyelala salama, aliyeandikiwa barua na mama yake, ana pa kuanzia. Aliyekaa miaka miwili chini ya nyampara amefundishwa kitu kimoja tu, na shahada yake ataionyesha kwako na kwangu. Watumishi nao tuwaonee huruma. Mtu mmoja kuachiwa bweni zima usiku, mshahara mdogo, hakufundishwa kumtuliza mtoto mwenye hasira, ni kumtega yeye pia. Ukaguzi mzuri unamtetea mtumishi mwema, maana huandika kwamba wako wachache, na karatasi hiyo humpa nguvu ya kuomba wenzake.

Basi vikundi vyetu vifanye nini? Sisi si wakaguzi, hatuna haki ya kugonga geti saa tano za usiku, na tusijidai. Tume ya Haki za Binadamu inayo kwa sheria kazi ya kutembelea magereza na sehemu za kuzuilia watu, na huku Zanzibar inafanya kazi pia. Kikundi kikitoka kwenye ziara kinaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa Tume na kwa ustawi wa jamii: tulikwenda tarehe fulani, tuliona hiki, tuliomba kuona kile tukakataliwa. Bila majina ya watoto. Ukurasa mmoja. Tunaandika kurasa kumi za mipango ya harusi. Katika msafara awemo mwanamke mwenye kazi inayofaa pale, nesi au mwanasheria, tunao ndani ya vikundi vyetu hivi hivi, badala ya kujaza basi kwa wapiga picha. Na picha za sura za watoto tuache kabisa. Mtoto ambaye kesi yake haijaamuliwa umeshamtangaza dunia nzima kuwa ni mhalifu, na siku atakapochumbiwa au kuomba kazi ile picha iko palepale.

Na tusiende Ramadhani peke yake. Ramadhani wanakwenda wote, watoto wanakula mpaka wanaumwa matumbo. Nendeni Mfunguo Pili, ambapo hakuna anayekwenda.

Biharusi unayenisoma, najua unajiuliza haya yanakuhusu nini wewe na kanga zako za sanduku. Yanakuhusu. Wengi wenu mtaolewa na wanaume wenye watoto. Itakuja siku mtoto wa mumeo wa miaka 14 atakushinda, ataiba, atatukana, na shemeji zako watakaa barazani waseme apelekwe kituoni akanyooshwe kidogo, askari tunamjua. Usiwe wewe wa kwanza kuitikia. Mtoto anayepelekwa na jamaa zake mwenyewe huingia mle akiwa hana mtu nje wa kumuuliza, na wale walioko ndani wanalijua hilo tangu siku ya kwanza. Wanajua nani analetewa sabuni kila Ijumaa na nani hajatokewa na mtu tangu alipoingia. Anayetembelewa huguswa kwa kufikiri.

Ndiyo maana kanuni za Havana zinataka ziara za wazee ziwe kila wiki ikiwezekana, na zisipungue mara moja kwa mwezi. Familia nyingi haziendi kwa aibu. Wanaogopa majirani watasema, wanaogopa posa ya dada yake itavunjika. Nimesikia mama akiwaambia watu kwamba mwanawe yuko masomoni Tanga, na ni kweli yuko Tanga. Sikumcheka. Lakini aibu ya mama ndiyo inayomwacha mtoto hana shahidi.

Basi ukiwa na mtoto wa ndugu yako, wa jirani, wa mumeo, aliyeko huko, nenda. Usimuulize umekula nini, atakujibu alichofundishwa kujibu. Muulize unalala kitanda kipi, pembeni yako yuko nani, jina lake nani, nani anazima taa. Mtazame anavyokaa, kama anaketi upande mmoja. Mtazame mikono anapopokea kikombe. Ukiona alama, andika tarehe na saa siku ile ile, usingoje kufika nyumbani, na omba aonwe na daktari, kwa upole, mbele ya zaidi ya mtu mmoja. Msalimie kila mtumishi kwa jina lake na ulikumbuke. Na kabla hujaondoka mwambie mtoto siku utakayorudi, kwa sauti ambayo askari naye ataisikia, kisha urudi siku hiyo.